Sauti ya Taifa, Daraja la Pili

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Si kwamba naogopa, hasha. Ni kwamba wakati naandika haya jina lake limepelekwa kwenye kamati ili litafutiwe jina zuri zaidi, na kamati bado iko kwenye chakula cha mchana. Itoshe kusema kwamba ni kisiwa, kimezungukwa na maji pande zote kama serikali ilivyoagiza, na kwamba humo anaishi ndege asiyepatikana popote pengine duniani. Ndege huyo anaitwa kituwi.

Kituwi ni mdogo, mgongo wa kijani, kifua rangi ya bizari, na jicho jekundu linalomfanya aonekane kila siku katoka kulia. Serikali ilimpenda mno. Ilimchora kwenye noti, kwenye stempu, kwenye kofia za polisi na kwenye mikia ya ndege za shirika la taifa, zote mbili, ile inayoruka na ile inayotolewa vipuri. Ilimwundia wizara yake mwenyewe, Wizara ya Ndege, Fahari na Itifaki, na wizara ikajengewa jengo refu mahali palipokuwa na msitu wa vituwi, maana Waziri alisema haipendezi wizara kukaa mbali na wadau wake.

Juu ya yote hayo ikatungwa sheria. Sheria ilisema kwamba sauti ya kituwi ni sauti ya Taifa na haipingwi na mtu yeyote, na kwamba hakuna mradi utakaoanza mpaka kituwi aimbe. Iwe barabara, iwe choo cha soko, iwe sanamu nyingine ya Mtukufu Rais, utepe haukatwi mpaka ndege atoe wimbo wake: tuwii, tuwii, tuwii-ko. Na kila asubuhi redio ya taifa ilifungua matangazo kwa wimbo huohuo, kutoka kwenye mkanda, ukifuatiwa na habari za Mtukufu Rais, kisha matangazo ya vifo.

Aliyesoma matangazo ya vifo alikuwa Bi Mize binti Faki, mzaliwa wa kijiji cha Mkwamba, kando ya msitu wa mwisho uliobaki. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mpole wa maneno, na sauti yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba wagonjwa wengine waliomba wakifa watangazwe zamu yake. Kazi hiyo ilimtosha. Cheo kikubwa kilimpata kwa ajali tu, na ajali yenyewe ilikuwa ya harusi.

Mkurugenzi wa redio, Sharifu Abudi, alikuwa akimwoza binti yake. Katika haraka za shughuli akachukua mkanda wa kwanza alioukuta mezani, akarekodia vigelegele na taarabu. Asubuhi yake, saa ya kufungua matangazo, taifa zima likatega sikio kumsubiri ndege, na badala ya ndege ikatoka sauti ya mwanamke mwenye hasira: "Mbona sisi wa upande wa mume hatujapata pilau?" Mabalozi wakaziarifu serikali zao kwamba hali si shwari. Mtukufu Rais akapiga simu mwenyewe kuuliza kama yamefanyika mapinduzi, na kama yamefanyika, aliyeyafanya ni wa upande wa mume au wa mke.

Mkurugenzi alikaa sakafuni akishika kichwa. Bi Mize, aliyekuwa amekaa akisubiri zamu yake ya marehemu, akainama kwenye kipaza sauti, akakunja midomo kama alivyozoea utotoni msituni Mkwamba, akapiga mluzi: tuwii, tuwii, tuwii-ko. Nchi ikatulia. Watu wakaendelea na chai yao.

Siku hiyohiyo Mtukufu Rais akapiga marufuku mikanda. "Taifa halitaimbiwa tena na mkebe," alisema. Sauti lazima iwe mbichi, kutoka kifuani mwa kiumbe hai. Bi Mize akaapishwa kuwa Sauti ya Taifa, Daraja la Pili, kwani Daraja la Kwanza lilikuwa la Mtukufu Rais mwenyewe. Akapewa kiti cha kuzunguka, akaapa hatamwambia mtu. Nchi nzima ilijua, ila kwa heshima ya kiapo kile hakuna aliyelisema jambo hilo kwa sauti ya juu.

*

Watu wa Mkwamba hawakumpenda kituwi kwa ajili ya noti. Noti zenyewe hawakuziona sana. Walimpenda kwa ajili ya vifaranga.

Kituwi akimwona mwewe huacha kuimba, akatoa kelele nyingine kabisa, kavu, ya harakaharaka: ke-ke-ke-keee! Na mtu wa kisiwa hicho akiisikia kelele hiyo hana swali. Alichokishika kama hakilii anakitupa, kama kinalia anakishika vizuri zaidi, anatoka nje na kugonga. Atagonga sufuria, sinia, ndoo, jembe, chochote. Kwanza unagonga, halafu ndiyo unatafuta mwewe yuko wapi, kwa sababu ukianza kutafuta kifaranga kimeshakwenda. Watoto walifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusema shikamoo. Kuna bwana harusi aliyetoka chumbani siku ya fungate akigonga beseni, na hakuna aliyemcheka. Wangemcheka angebaki ndani.

Mjini jambo hilo lilikatazwa kwa Sheria Ndogo ya Utulivu. Mtu aliyetaka kumfukuza mwewe alitakiwa kuomba kibali mapema, akieleza mwewe atakuja siku gani. Basi watu wa mjini wakaacha kugonga, au walidhani wameacha.

Kila Ijumaa Bi Mize alirudi Mkwamba, na kituo chake cha kwanza kilikuwa uani kwa Bi Mashavu, rafiki yake tangu wakicheza kombolela, mwanamke mnene mwenye kuku wengi na ulimi usiokaa bandani. Ijumaa moja alimkuta amekaa kwenye kibao cha mbuzi, nazi haijakunwa.

"Shoga, mwewe kanimalizia vifaranga," Bi Mashavu alisema. "Wote wa yule kuku wangu kishungi. Kapita mchana kweupe, kajichagulia."

"Kituwi hakulia?"

"Kituwi yupi? Mie kituwi namsikia redioni. Namsikia uzuri hasa, hongera yako. Lakini redio haimwoni mwewe, Mize."

Bi Mize alijua vituwi wanakwisha. Upande wa mashariki wa msitu ulikatwa kujengea wizara, upande wa magharibi ulikatwa kupata mbao za majukwaa ya Siku ya Kituwi. Limebaki bonde moja la Mkwamba, lenye kijito na mizambarau.

*

Wakati huo ndipo walipokuja wageni wa Jumuiya ya Wapenda Ndege, watu wazuri wenye kofia pana, kuhesabu vituwi. Na kwa kuwa kituwi hujificha majanini, huhesabiwa kwa masikio. Unasimama, unasikiliza, ukisikia wimbo unaandika mmoja.

Waziri wa Ndege, Fahari na Itifaki, Mheshimiwa Ngwali Makame, akamwita Bi Mize ofisini. Alikuwa mtu mfupi mwenye mkoba mkubwa wa ngozi, ambao hakuna aliyewahi kuuona umefunguliwa. Alizaliwa kijiji cha jirani na Mkwamba, akalelewa na bibi yake mfuga kuku, jambo ambalo wasifu wake rasmi uliliruka ukaanzia chuo kikuu.

"Bi Mize," alisema, "hawa wageni wakiondoka bila kusikia ndege, watasema hatuna ndege. Wakisema hatuna ndege, nani atautunza msitu? Kwa hiyo ukitaka msitu upone, utakwenda mbele yao kidogo, vichakani. Usiwaangushe wageni."

Bi Mize aliona maneno yana mantiki. Aliupenda msitu ule, na alidhani anaupigania. Akajifunga kanga kibwebwe, akaingia porini. Wageni walipopanda kilima, kituwi aliimba ng'ambo ya kilima. Walipoteremka, aliimba kwenye mianzi. Walipokaa kunywa maji, waliimba vituwi wawili, mmoja kushoto, mmoja kulia, na Bi Mize katikati akihema. Mzee mmoja mwenye kofia alivua kofia akalia machozi, akisema sasa anaweza kufa.

Alipofika kwenye kijito akapiga mluzi wa mwisho, na kitu kikamjibu. Tuwii-ko. Kikashuka tawi hadi tawi, mpaka kikakaa karibu naye kiasi cha kugusika. Alikuwa kituwi mwenyewe, mdomoni ana kiwavi anayejipinda. Alimtazama Bi Mize midomo, akainamisha kichwa upande huu na upande ule, akimtafuta mwenzake ndani yake asimwone. Kisha akaruka hadi panda ya mzambarau, ambako mama mtu alikuwa amekalia kiota.

Bi Mize aliona aibu. Alikuwa hajawahi kuona aibu ya namna ile maishani, hata siku aliposoma kimakosa kifo cha mtu aliye hai. Alikaa chini pale kijitoni mpaka wageni wakapita.

*

Majibu ya hesabu yalipotoka, Waziri alilihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, na redio ikarusha, "nina furaha kuwatangazia kwamba tumehifadhi mpaka tumepitiliza. Vituwi wamejaa. Wataalamu wenyewe wamewasikia wakiimba wawili wawili hadi kwenye mapumziko. Nawauliza, ndugu wananchi: je, ni haki ndege wa taifa abanane hivyo? Serikali yenu sikivu imesema hapana! Tumeamua kuwapunguzia ndege wetu msongamano kwa kuwapunguzia miti."

Watu walipiga makofi, maana makofi yalipangwa. Waziri akaeleza kwamba bonde la Mkwamba limepata mwekezaji, atakayejenga Hoteli ya Kitalii ya Kituwi, yenye mabwawa ya kuogelea na picha kubwa ya kituwi katika kila chumba, ili mgeni asisumbuke kwenda kumtafuta porini. Na vituwi nao hawakusahauliwa. Wizara imewajengea viota vya saruji, vyenye umeme, kwenye maegesho ya magari ya wizara.

Bi Mize alikuwa studio akisubiri zamu yake ya vifo. Alisikia hotuba yote. Alielewa kwamba kila mluzi alioupiga siku ile ulikuwa mti unaoanguka, na hasira ikampanda taratibu, kuanzia miguuni. Aliposoma matangazo ya vifo asubuhi hiyo, wasikilizaji walisema hawajamsikia akisoma vile. Alisoma kana kwamba anamdai mtu maelezo.

*

Siku ya uzinduzi, Mkwamba ilipambwa kwa vitambaa. Mahema yalikuwepo, bendi ya polisi ilikuwepo, Mwekezaji alikuwepo katika suti nyeupe, na matingatinga yalipangwa mstari mmoja yameelekea bondeni. La mbele liliendeshwa na Shaame, mume wa Bi Mashavu, ambaye tangu apate kazi hiyo mkewe alikuwa hampikii, anamsogezea tu unga na sufuria. Bi Mize alifichwa nyuma ya kichaka pamoja na kipaza sauti cha redio. Kutoka pale aliuona mzambarau. Aliwaona vituwi wawili wakipokezana kiotani, na midomo ya makinda ikijitokeza.

Waziri alizungumza kwa muda mrefu. Mwishowe akafungua mikono.

"Na sasa, kwa mujibu wa sheria, namkaribisha Mheshimiwa Kituwi atubariki kwa wimbo wake."

Bendi ikanyamaza. Mahema yakanyamaza. Nchi nzima ikasogelea redio. Bi Mize akalowesha midomo, akaikunja, akavuta pumzi.

Kisha akaiachia pumzi ile ipotee puani, polepole, akafunga mdomo wake.

"Kituwi anajiandaa," Waziri alisema baada ya kitambo.

Kimya.

"Kituwi amezidiwa na furaha."

Kimya. Mwekezaji akauliza kama ndege ana madai. Waziri akatabasamu, akashuka jukwaani kwa heshima, akaenda nyuma ya kichaka. Bahati mbaya kipaza sauti kilikuwa wazi, na haya ndiyo yaliyosikika kisiwa kizima:

"Imba!"

"Siimbi."

"Bi Mize, watu wanasubiri!"

"Na mie nasubiri. Yaondoeni hayo matingatinga."

"Nakuamuru kama Waziri!"

"Mwamuru ndege, Mheshimiwa. Mie ni mtu wa vifo."

Kesho yake wizara ilitoa ufafanuzi kwamba Mheshimiwa Waziri alikuwa katika mazungumzo ya kawaida na ndege, kwamba ndege huyo ana sauti ya kike, na kwamba wananchi wapuuze uvumi. Wananchi walipuuza sana. Sokoni, muuzaji wa samaki akiombwa kupunguza bei alikuwa akijibu, "Siimbi," na soko zima linaangua kicheko.

*

Serikali haikukata tamaa. Ilimleta Sharifu Abudi akapiga mluzi, ukatoka mvuke wa birika. Ilimleta mpiga zumari wa bendi ya polisi, ambaye ndege wote wa bonde walimkimbia, hata kunguru. Waziri mwenyewe alijaribu faraghani, na wizara ikalazimika kubadilisha kitambaa cha meza.

Walipomwambia Shaame awashe tingatinga tu, yaishe, Shaame alivua kofia akaishika kifuani.

"Mheshimiwa, mie mtu wa sheria," alisema. "Sheria mmeiweka wenyewe. Ndege hajaimba."

Madereva wengine nao, kumbe, wote walikuwa watu wa sheria. Waliteremka, wakatandika mikeka kwenye vivuli vya mashine zao, wakalala usingizi halali. Siku hiyo Bi Mashavu alimpikia mumewe wali wa nazi.

Bi Mize akaitwa tena wizarani. Safari hii kulikuwa na chai, na maandazi, na Waziri akamwita dada.

"Dada yangu, wewe ni mtumishi wa umma."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Umma unataka nini?"

"Sijausikia ukisema. Nimekusikia wewe."

Waziri akacheka kidogo, akasogeza sahani ya maandazi. Alimwambia kwamba Mtukufu Rais yuko tayari kumkopesha Daraja la Kwanza kwa siku moja. Akamwambia atapewa nyumba katika hoteli hiyohiyo, upande wenye mandhari. Akamwambia ni wimbo mmoja tu, pumzi ndogo, hata kikohozi kinatumia pumzi zaidi.

Bi Mize aliacha chai ipoe.

"Mheshimiwa, mie nimewatangaza wafu wa kisiwa hiki kwa miaka mingi. Nimemtangaza hata bibi yako, Mungu amrehemu. Wote hao niliwatangaza baada ya kufa. Huyu mnataka nimtangaze ili afe. Siwezi. Nifanyeni mtakavyo, mdomo wangu ni huu, na umefungwa."

Waziri aliposikia bibi yake ametajwa alitazama pembeni, akaona haya kwa muda mfupi ambao mtu mwenye cheo anaruhusiwa. Kisha akapiga kengele, wakaingia askari.

*

Shitaka lilikuwa la kwanza la aina yake duniani, na gazeti la serikali lililisifia kwa hilo. Bi Mize binti Faki alishitakiwa kwa kosa la kunyamaza kwa niaba ya ndege.

Mahakama ilijaa. Waziri aliamua kesi irushwe moja kwa moja redioni ili iwe fundisho, na Sharifu Abudi akafunga mitambo kwa mikono yake. Kikawekwa kipaza sauti mbele ya mshitakiwa. Ukavutwa waya hadi Mkwamba, ambako redio kubwa ilifungwa juu ya tingatinga la Shaame, na huko Mkwamba kikawekwa kipaza sauti kingine, ili mahakama nayo isikie mashine zikianza kazi. Mpango ulikuwa mzuri. Ndege ataimba mahakamani, matingatinga yatamsikia, msitu utalala kabla ya chakula cha mchana.

Hakimu alikuwa mzee mwenye miwani minene na kirungu cha mbao cha kugongea meza.

"Sijaelewa," alisema. "Siku ya uzinduzi aliyenyamaza ni nani? Ni mshitakiwa au ni ndege?"

"Ni mshitakiwa, Mheshimiwa," alijibu mwendesha mashitaka.

"Kwa hiyo aliyekuwa akiimba redioni miaka yote ni mshitakiwa?"

"Hapana, Mheshimiwa! Aliyekuwa akiimba ni ndege. Serikali haidanganyi. Anapoimba ni ndege, anaponyamaza ni mshitakiwa."

Hakimu akalifikiria jambo hilo, akaona limekaa vizuri kisheria, akaandika.

"Mshitakiwa, una la kusema?"

Bi Mize alisimama.

"Nina swali, Mheshimiwa Hakimu. Nikiimba hapa, atakayekuwa ameimba ni nani?"

Hakimu akamtazama mwendesha mashitaka. Mwendesha mashitaka akamtazama Waziri, aliyekaa mstari wa mbele, mkoba wake magotini. Waziri akatikisa kichwa kukubali.

"Atakuwa ni ndege," alisema Hakimu.

"Na sauti yake haipingwi?"

"Haipingwi na mtu yeyote. Ndivyo sheria inavyosema."

"Basi nimeridhika."

Hakimu akajiweka sawa kitini. "Mahakama inakuamuru, Bi Mize binti Faki, utoe sauti ya kituwi sasa hivi, Taifa likisikia. Ukiitoa, shitaka limefutwa. Usipoitoa, utakwenda kunyamazia gerezani. Mkwamba, mko tayari?"

Kutoka kwenye spika ilisikika ngurumo ya matingatinga yakiwashwa, moja baada ya jingine, na juu ya ngurumo sauti ya Bi Mashavu ikimtukana mtu kwa jina la ukoo wake. Askari walikuwa wamemshika Shaame mabega wamkalishe kitini.

Bi Mize aliufikiria ule mzambarau. Aliyafikiria makinda yakifungua midomo bila kujua lolote. Hofu aliyokuwa nayo tangu asubuhi ikamtoka, ikabaki ile hasira, safi, na akafurahi kuwa nayo. Akainama kwenye kipaza sauti, akakunja midomo.

Watu wote wakatarajia kusikia tuwii.

"Ke-ke-ke-keee!" alipiga Bi Mize. "Ke-ke-ke-ke-keeeee!"

Karani wa mahakama alikuwa wa kwanza. Alinyakua sinia la glasi, glasi zikaenda zake, akaanza kuligonga kwa ngumi. Askari aliyemlinda mshitakiwa akagonga kizimba kwa rungu lake. Mwendesha mashitaka akavua kiatu akagonga kabati. Hakimu mzee, miwani ikimteleza puani, alishika kirungu chake kwa mikono miwili akaipiga meza mpaka ikapasuka, na hakuna aliyesikia akitaka utulivu. Kisha kelele ikaingia madirishani. Mji mzima ulikuwa umetoka nje, mji uleule wa Sheria Ndogo ya Utulivu. Wauza chai waligonga mabirika, mafundi waligonga mabati, wake wa mawaziri waligonga masufuria ambayo walikuwa hawajayashika kwa miaka. Watu waliokuwa wamevaa tai walikuwa wakigonga nguzo za taa.

Na kwenye spika, ngurumo ya Mkwamba ikapungua. Tingatinga moja likazimika. La pili likazimika. Yakazimika yote, ikabaki sauti ya chuma juu ya chuma, spana ya Shaame ikigonga bamba la mashine yake mwenyewe, na askari waliokuwa wamemshika wakigonga pamoja naye, na sufuria la Bi Mashavu likiwazidi wote.

Bi Mize peke yake hakugonga kitu. Alisimama kizimbani, mikono kwenye kizuizi, akilia na kucheka kwa pamoja, wala hakujali nani anamwona.

Kwanza unagonga, halafu ndiyo unatafuta mwewe yuko wapi. Kelele ilipofikia kilele chake, watu wa mahakamani wakaanza kutafuta. Karani alitafuta na sinia lake mkononi. Askari alitafuta. Hakimu akaweka miwani sawa, akatafuta. Na macho yao yote, moja baada ya jingine, yakapata yalichokuwa yakikitafuta, yakatulia hapo.

Mheshimiwa Ngwali Makame, Waziri wa Ndege, Fahari na Itifaki, mjukuu wa mfuga kuku, alikuwa amesimama mstari wa mbele akigonga mkoba wake kwa nguvu zote, jasho likimtiririka, uso ameuinua darini, akimtafuta mwewe. Aligonga, akatafuta, akagonga tena. Ilimchukua muda kutambua kwamba wenzake wote wameshaacha kugonga, na kwamba ni yeye peke yake anayetazama juu.